Mashine itambue mati ya Anastasia: njia tano za kuandika programu, na ipi uchague

Weka nafasi tatu hizi ubaoni kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu.

Ya kwanza: mfalme mweusi yuko h8, mnara wake g8, vitunda vyake g7 na h7, na farasi mweupe ametua f7. Hii ni mati ya kukosa pumzi, mfalme amezibwa na watu wake mwenyewe. Ya pili: mfalme mweusi h7, kitunda chake g7, farasi mweupe e7, mnara mweupe h4. Hii ndiyo mati ya Anastasia. (Katika zote mbili mfalme mweupe mweke g1, hasumbui mtu.) Ya tatu ni mwisho wa mchezo ambao Paul Morphy aliucheza Paris mwaka 1858, ndani ya jumba la opera, dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard waliokuwa wakishauriana upande mmoja: mfalme mweusi e8, askofu wake f8, kitunda chake f7, na mnara wa Morphy umefika d8 ukilindwa na askofu wake wa g5.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Nasema mnara kwa kete ambayo wengine huiita ngome, na askofu kwa ile ambayo hapa kwetu tumeizoea kwa Kifaransa kama fou. Shaha ni mfalme anapopigwa, mati ni pale anapopigwa na hana pa kwenda. Mstari umelala, safu imesimama: h8 ni safu ya h, mstari wa nane.

Nafundisha watoto sataranji Jumamosi mchana, komini ya Kamalondo, hapa Lubumbashi. Nilitaka programu ya kupanga mazoezi: mati za aina hii upande huu, za aina ile upande ule, ili mtoto aone aina moja mara ishirini mpaka jicho lizoee. Nilianza kwa haraka. Niliandika kwamba mfalme akiwa ukingoni mwa ubao, na mnara ukimpiga kwa kupita ukingo huohuo, basi hiyo ni mati ya mstari wa nyuma, ile ambayo Lubumbashi nzima inaita couloir. Nafasi ya pili ikapewa jina la couloir. Ya tatu nayo ikapewa jina hilohilo. Msichana wa miaka kumi na mmoja akaangalia skrini, akaangalia ubao, akasema: «Yaya, huyu hakufungwa na vitunda vyake. Amefungwa na farasi.» Alikuwa sahihi kabisa, na mimi nilikuwa nimempa somo la uongo.

Tangu siku hiyo kila njia ninaipima kwa maswali mawili. Je, inazitenganisha nafasi hizi tatu? Na mtoto akiuliza kwa nini, inaweza kumjibu?

Violezo: kulinganisha picha na picha

Wengi huanza hapa, na naelewa kwa nini. Nafasi yoyote ya sataranji inaweza kuandikwa kwa mstari mmoja wa maandishi unaoitwa FEN, kwa hiyo unafikiri: nitaandika kiolezo cha maandishi, nitatafuta kinacholingana, basi. Tatizo la kwanza linakungoja palepale. FEN hufupisha miraba mitupu kwa tarakimu. Mstari wenye vitunda vitatu upande wa mfalme unaandikwa 5ppp, lakini kukiwa na kitunda kingine a7 unakuwa p4ppp. Jambo ni lilelile, maandishi ni mengine. Utalazimika kwanza kutanua tarakimu ziwe nukta, upate herufi 64 kamili, herufi moja kwa kila mraba.

Tatizo la pili ni wingi. Chukua Anastasia peke yake, mfalme akiwa h7. Mnara unaweza kusimama popote kati ya h1 na h5, na mahali pake pangeweza kukaa malkia: tayari picha kumi. Geuza kulia na kushoto, kisha badilisha rangi, umefika arobaini, na hujamhamisha mfalme kwenda h6 wala h5. Sasa jiulize kete ya g7. Ikiwa ni kitunda, sawa. Ikiwa ni askofu, anaruka h6 na kumkinga mfalme, mati imekufa. Kiolezo kinaona tu kwamba kuna kete nyeusi pale, hakijui kete hiyo inaweza kufanya nini. Kwa hiyo violezo peke yake si vya kutambua mati. Vinafaa kwa kitu kimoja: ukitaka kupata nafasi ileile hasa, kete kwa kete, kama ilivyochapwa kwenye ukurasa fulani. Nafasi zangu tatu vitazitenganisha, kwa sababu nimezitaja zenyewe. Vipe nafasi ya nne inayofanana nazo, navyo vitakaa kimya.

Sheria kwa Python: njia ninayoitumia

Python ni lugha ya kuandikia programu, na maktaba ni msimbo ulio tayari ambao programu yako inautumia. Maktaba ya python-chess iliandikwa na Niklas Fiekas. Inajua sheria zote za mchezo: nani amefungwa mbele ya mfalme wake na hawezi kusogea, nani anaweza kujikinga, kama kweli ni mati au ni shaha tu. Hilo peke yake linakuondolea nusu ya makosa. Wewe unabaki na kazi moja, kueleza sura ya mati. Tazama kukosa pumzi:

```
import chess

def jirani(m):
    return [s for s in chess.SQUARES
            if chess.square_distance(s, m) == 1]

def kukosa_pumzi(ubao):
    if not ubao.is_checkmate():
        return False
    m = ubao.king(ubao.turn)
    wapigaji = list(ubao.checkers())
    if len(wapigaji) != 1:
        return False
    if ubao.piece_type_at(wapigaji[0]) != chess.KNIGHT:
        return False
    return all(ubao.color_at(s) == ubao.turn for s in jirani(m))
```

Isome kwa sauti: ni mati, anayepiga ni mmoja, naye ni farasi, na kila mraba unaopakana na mfalme una mtu wa mfalme mwenyewe. Hakuna h8 wala f7 ndani yake. Kwa hiyo haihitaji kugeuzwa kulia wala kushoto, na rangi haiihusu. Kona zote nne zimeingia bila wewe kuzitaja.

Anastasia nayo inaandikika hivyohivyo: mfalme yuko safu ya a au ya h lakini hayuko kona; mnara au malkia anampiga kupitia safu hiyohiyo; mraba wa pembeni yake kuelekea katikati una mtu wake; na farasi wa adui yuko mstari uleule wa mfalme, safu tatu pembeni. Pima: mfalme h7, farasi e7, kutoka h hadi e ni safu tatu. Kutoka hapo farasi anaziba g8 na g6 kwa pamoja. Mati ya Waarabu ni fupi zaidi: mfalme kona, mnara unampiga ukiwa umemgusa, na farasi yuko mistari miwili na safu mbili kutoka kwa mfalme, kama f6 kwa h8. Farasi huyo mmoja anaulinda mnara na anaziba mraba wa mwisho. Nilipoiandika ndipo nilipoona uzuri wake, ingawa nilikuwa nimeicheza miaka mingi.

Na couloir iliyonitia aibu? Sheria sahihi inadai zaidi: mfalme awe mstari wake wa kwanza, apigwe kupitia mstari huo, na miraba yote iliyo mbele yake ikaliwe na watu wake. Morphy anatoka hapo mara moja, maana d7 na e7 ni mitupu. D7 imezibwa na mnara wenyewe, e7 na askofu wa g5. Anastasia inatoka pia, mfalme yuko mstari wa saba.

Sasa mtego ambao utakukamata kama ulivyonikamata. Nilitaka programu ieleze kila mraba umezibwa na nani, ili nimjibu yule msichana. Nikaiuliza kuhusu h8 katika nafasi ya pili: nani anaupiga? Ikajibu hakuna. Lakini mfalme akikimbilia h8 mnara bado unampata! Sababu ni kwamba mfalme mwenyewe, akiwa h7, anaukinga mraba ulio nyuma yake. Ni lazima umtoe ubaoni kabla ya kuuliza. Fanya nakala ya ubao kwa `copy()`, mwondoe mfalme kwa `remove_piece_at(m)`, kisha ndipo uulize `attackers`. Tangu nilipofanya hivyo programu inasema wazi: g8 farasi, g6 farasi, h8 mnara, h6 mnara, g7 kitunda chake. Watoto husoma orodha hiyo huku wakiweka kidole kwenye kila mraba, na hapo ndipo ninapowaona wanaelewa.

Kuna faida nyingine isiyoonekana siku ya kwanza. Baadhi ya mati hupewa jina kwa safari yake, sura ya mwisho peke yake haitoshi. Coup du berger, ambayo kila mtoto wa hapa ameshapigwa nayo, ni malkia kula f7 huku askofu wa c4 akimlinda. Lakini jina hilo ni la mwanzo wa mchezo, kwenye mwendo wa nne. Malkia akila f7 kwenye mwendo wa thelathini, mwite jina lingine. Mati ya Légal inahitaji malkia awe ametolewa mhanga. Python-chess inatunza miendo iliyopita na namba ya mwendo, kwa hiyo unaweza kuuliza. Kiolezo cha picha hakina kumbukumbu.

Hasara yake ni kasi. Python si ya haraka, na ukiipa mamilioni ya nafasi utasubiri. Pia leseni yake ni GPL: ukigawa programu yako kwa wengine, msimbo wako nao uwe wazi. Kwangu si tatizo, lakini anayetaka kuuza programu ajue mapema.

CQL: kuuliza hazina ya mechi

Gady Costeff na Lewis Stiller walitengeneza lugha inayoitwa CQL kwa kazi moja tu: kutafuta nafasi ndani ya mafaili ya PGN, yaani maandishi yanayotunza mechi mwendo kwa mwendo. Unaandika unachotaka kwa maneno machache, unaipa faili la mechi, inakurudishia faili jingine lenye mechi zilizopatikana. Mati ni neno moja. Kugeuza ubao pande zote ni neno moja. Kubadilisha rangi ni neno moja. Swali ambalo kwa Python lina mistari kumi na tano, hapa linaingia mistari mitatu au minne.

Ukilinganisha kwa haki, kwa mtu anayechunguza mechi, CQL inaishinda Python. Ukitaka kujua ni mara ngapi mati ya Boden, maaskofu wawili wakikata mshazari kama Samuel Boden alivyofanya London mwaka 1853, imetokea katika mkusanyo wako wa mechi, usipoteze muda kuandika programu. Lakini haiwezi kukaa ndani ya programu yako ya masomo, wala haitamjibu mtoto kwa nini h8 imefungwa. Inajibu «ipo» au «haipo». Nami kwa Jumamosi zangu nahitaji jibu refu zaidi ya hilo.

Biti 64, kwa mkono wako

Ubao una miraba 64, na kompyuta za leo hushika namba za biti 64, yaani nafasi 64 za 0 au 1. Kila aina ya kete inapata namba yake moja, biti moja kwa kila mraba. Hapo swali la kukosa pumzi linakuwa hivi: chukua pete ya miraba inayomzunguka mfalme, chukua namba ya watu wake wote, zikutanishe kwa NA (AND, tendo linalobakiza biti zilizowashwa katika namba zote mbili), ukipata pete ileile, mfalme amezibwa. Tendo moja la hesabu badala ya kupita mraba kwa mraba. Kwa lugha za C au Rust hiyo ni kasi ya ajabu.

Gharama yake ni kwamba kila kitu unakijenga wewe: miendo, kete zilizofungwa mbele ya mfalme, yote. Na kuna kosa moja ambalo karibu kila anayeanza hulifanya. Ukihesabu miraba kutoka a1 kuwa 0, h4 ni 31. Farasi akienda safu mbili kulia na mstari mmoja juu unaongeza 10, unapata 41, na 41 ni b6. Farasi ametoka ubaoni upande wa kulia akaingia kushoto! Dawa ni kufuta biti za safu za ukingoni kabla ya kusogeza, lakini lazima ukumbuke kila mara. Anayeandika kwa JavaScript ajue pia kwamba alama zake za kawaida za biti hukata namba kwenye biti 32, kwa hiyo atumie BigInt, aina ya namba isiyo na kikomo hicho.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: python-chess yenyewe ndani yake imejengwa hivyohivyo, kwa namba za biti 64. Njia hii ichague mwanafunzi wa informatique anayetaka kujua injini, yaani programu inayocheza sataranji, inavyofanya kazi, au mwenye mamilioni ya nafasi za kuchuja. Kwa mwalimu ni mzigo.

Mashine inayojifunza

Vijana hunijia na wazo hili kwanza: tuipe mashine mifano maelfu, ijifunze yenyewe. Nawauliza swali moja, lebo za mifano mtazitoa wapi? Wanajibu: Lichess, ile tovuti ya sataranji. Ni kweli, Lichess hugawa bure hazina ya mamilioni ya mazoezi, na kila zoezi lina lebo zake, Anastasia, Boden, Waarabu na nyinginezo. Lakini programu inayobandika lebo hizo ina msimbo ulio wazi kwa kila mtu, na ukiufungua unakuta sheria zilizoandikwa kwa Python kwa maktaba hiyohiyo ya python-chess. Mashine yako itakuwa inajifunza kwa jasho kubwa kuiga sheria ambazo ungeweza kuzisoma kwa dakika kumi, na itaziiga kwa makosa machache ya kwake juu. Mwishowe haitaweza kukueleza ilivyoamua.

Isipokuwa kazi moja. Ukitaka kupiga picha ubao halisi kwa simu na mashine itambue kete ziko wapi, hapo sheria hazikusaidii, mashine inayojifunza ndiyo yenyewe. Ikishakupa FEN, rudi kwenye sheria.

Basi nani achukue ipi

Mwalimu, au mzazi anayetaka kumtengenezea mtoto mazoezi: Python na sheria, bila kusita. Msakaji wa mechi za zamani: CQL. Mwanafunzi mwenye muda na hamu ya kujua: biti, na atapata elimu kubwa. Violezo viache viwe vya kutafuta nafasi moja unayoijua tayari.

Kuna mambo ya mji wetu ambayo maelekezo ya mbali hayayataji. Umeme hukatika, kwa hiyo usiandike programu inayokusanya majibu yote kichwani ndipo iandike faili mwishoni. Iandike kila jibu linapopatikana, pamoja na namba ya mstari ilipofikia, ili mwanga ukirudi iendelee palepale. Mega ni pesa: faili la mechi za mwezi mmoja la Lichess ni zito mno kwetu, faili la mazoezi ni dogo zaidi na lina kila kitu unachohitaji. Lipakue mara moja, wagawie wenzako kwa kifaa cha USB. Na asiye na kompyuta asikate tamaa. Python-chess ni Python tupu, haihitaji kujengwa kwanza kwa zana nyingine, kwa hiyo inakaa hata kwenye simu ya Android yenye programu ya Python. Vijana wangu wawili huifanyia kazi kwenye simu, kitako chini ya mwembe.

Ukilifungua faili hilo la mazoezi, kumbuka kitu kimoja kilichonipotezea jioni nzima. Nafasi iliyoandikwa ni ya kabla ya mwendo wa mpinzani. Mwendo wa kwanza katika orodha ni wake, zoezi lako linaanza wa pili. Cheza miendo yote mpaka mwisho ndipo uulize kama ni mati, la sivyo kila jibu litakuwa hapana.

Na fankisheni yako ya mwisho isirudishe jina moja. Irudishe orodha. Mati moja inaweza kubeba majina mawili kwa haki. Yule msichana sasa ananiletea nafasi zake mwenyewe kila Jumamosi, amezichora kwenye daftari lenye miraba, na ya juzi ilikuwa na malkia e6, mfalme e8 na minara yake miwili d8 na f8 kama mabega ya askari. Programu ilirudisha orodha tupu. Sheria ya mati ya mabega tumeiandika pamoja, yeye akitamka, mimi nikichapa.